Fonseca au Menšík, nani atatoboa?

SWALI: Shikamoo anko. Mi na washkaji hapa Ujiji tunabishana kila siku kuhusu tenisi, mi nasema yule dogo wa Brazil João Fonseca ndo atawasumbua vigogo wa sasa Alcaraz na Sinner, wao wanasema Jakub Menšík wa Cheki. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wenzako wana hoja, Menšík alibeba kombe la Miami 2025 ana miaka 19 tu na fainali kampiga mkongwe Djokovic mwenyewe, seti mbili zote kwa taibreka, yaani zile pointi za kuamua seti ikifika sita sita. Ila mi niko na wewe. Fonseca kazaliwa 2006, na hiyohiyo 2025 akamtoa Rublev, mtu wa kumi bora, raundi ya kwanza Australian Open, akachukua kombe la Buenos Aires kwenye uwanja wa udongo, halafu la Basel ndani ya ukumbi, sasa mtu anayeshinda viwanja tofauti namna hiyo habahatishi bwana. Shida ni hao wawili wa juu, Alcaraz na Sinner, grandslamu (yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka) zote nane za 2024 na 2025 wamegawana wenyewe, nne nne! Na msiwe na haraka, Alcaraz alikuwa namba moja duniani na miaka 19 lakini Sinner grandslamu ya kwanza kaipata na 22. Dau la ubishi wenu liwe samaki, migebuka, na ukishinda usinisahau.