Kanzu Mpya Yamliza Mwanangu

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Tukiwa ndani ya feri, honi ikilia huziba masikio na kujikunja miguuni pangu. Kanzu ya Idi aliivua peke yake chumbani, shingo ikiwa imechubuka kwa kujikuna, na mbaazi akizionja hutapika. Daktari mmoja aliniambia anadeka tu, na jirani anataka nimpeleke kwa mganga. Nasikia kuna ugonjwa wa hisi. Nitampima wapi?
Mama mzazi, Likoni

JIBU: Mtoto anayedeka hutafuta wa kumdekea, dada yangu, lakini huyu wako alijikuna chumbani bila ya mtu kumtazama, kwa hiyo silika yako ya mama usiipuuze.

Ubongo kupokea sauti, mguso au ladha kwa nguvu iliyopita kiasi ni jambo lililoelezwa kwa kina na Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani wa tibakazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 kilihusu hisi na matatizo ya kujifunza. Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 haukulihesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea, bali uliliweka miongoni mwa dalili za usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano. Ukishikilia kuandikiwa jina la "ugonjwa wa hisi", basi, utazungushwa bure; omba mtoto afanyiwe tathmini kamili, ukijua kwamba si kila mtoto wa namna hii ana usonji, kwani wengine huwa na wasiwasi mwingi au shida ya kutulia.

Anza na kipimo cha masikio, kisha uombe rufaa kwa mtaalamu wa tibakazi katika hospitali ya rufaa ya Pwani. Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari kwa wiki mbili kilichomkera, saa ngapi, na alitulia baada ya muda gani; daftari hilo humsaidia mtaalamu kuliko kauli ya "ni msumbufu". Kwa upande wa shule, vipo vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu.

Kwa sasa kata lebo ya kanzu, uifue mara kadhaa hadi ilainike, na umvishe fulana ya pamba ndani yake. Mbaazi usimlazimishe. Ndani ya feri mzibe masikio kwa viganja honi inapokaribia kulia, ila usimwache na pamba masikioni kutwa, maana sikio likizoea kimya huzidi kuogopa kelele.