Kwa nini wahesabu wanyama hurudi msitu uleule kila kiangazi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wangu wa pili huajiriwa miezi ya kiangazi kuwasaidia watafiti wanaohesabu wanyama katika msitu wa Mwanihana, Milima ya Udzungwa. Sisi tunaishi chini ya milima hiyo, upande wa Bonde la Kilombero. Nina maswali mawili. Wanyama wa msituni hujificha kiasi kwamba hata sisi tuliozaliwa hapa huwaona kwa nadra. Je, wanahesabiwaje, na kwa nini kazi hiyo irudiwe palepale kila mwaka? La pili, majirani wanasema kamera zinazofungwa kwenye miti zimewekwa ili kuwanasa wanakijiji. Je, ni kweli?

Mama msomaji, Bonde la Kilombero

JIBU: Mama yetu, tunakushukuru kwa barua yako, na tunampongeza kijana wako, kwa kuwa kazi anayoifanya ni ngumu na faida yake huonekana baada ya miaka mingi.

Ni kweli kwamba hakuna anayewahesabu wote. Mbugani mtu aliye ndani ya ndege ndogo anaweza kuhesabu nyumbu kwa macho, lakini katika msitu mnene funo, yaani paa mdogo wa msituni, aliyesimama hatua chache kutoka njiani hupitwa bila kuonekana. Kwa hiyo watafiti hawatafuti idadi kamili. Wanatafuta kujua kama wanyama wa aina fulani wanaongezeka, wanapungua au wamebaki vilevile. Jambo hilo haliwezi kujulikana isipokuwa kwa kupima mahali palepale, kwa njia ileile na katika msimu uleule, mwaka baada ya mwaka. Mtu akibadilisha njia ya kupima katikati, hataweza kujua kama kilichobadilika ni msitu au ni kipimo chake.

Nyani na jamaa zake, kama vile mbega mwekundu wa Udzungwa na kima wa Sanje, ambao hawapatikani popote duniani nje ya eneo hilo, huhesabiwa kwa miguu. Wahesabu hufuata mkuza, yaani njia nyembamba iliyofyekwa msituni na kuwekwa alama, asubuhi, kwa mwendo wa takriban kilomita moja kwa saa, wakisimama mara kwa mara kusikiliza. Wakiona kundi, huandika saa, aina ya mnyama na umbali wake kutoka kwenye mkuza. Hapo ndipo vijana waliokulia kando ya msitu huwa na thamani isiyopatikana darasani, kwa sababu tawi likitikisika wao hujua kama ni mbega, kima au upepo tu.

Wanyama wanaotembea ardhini, hasa wa usiku, hutegeshewa kamera. Katika Mwanihana utaratibu uliowekwa tangu mwaka 2009 ni wa vituo 60, na kila kamera huachwa mahali pake kwa siku 30 za kiangazi. Kuifunga si kazi ya dakika mbili. Hufungwa kwenye shina imara kwa urefu wa goti, ikielekezwa kwenye kijia cha wanyama na si kule jua linakochomoza. Kisha msaidizi hupiga magoti na kung'oa kila jani na kila unyasi ulio mbele ya lenzi, maana jani moja likipigwa na jua na kuyumba laweza kujaza kadi ya kuhifadhia picha kwa picha zisizo na kitu. Mwisho hupita mbele yake akitambaa, kama mnyama, kuhakikisha kwamba imemwona.

Kiangazi huchaguliwa kwa sababu za wazi: wakati wa masika mito hufurika, miteremko huteleza, na unyevu huharibu vifaa. Watafiti wa vyura, kwa upande wao, huisubiri mvua hiyohiyo, kwa kuwa vyura wengi hulia na kuzaliana wakati huo.

Matunda ya uvumilivu huu yapo. Minde, paa mkubwa wa misituni anayeishi Tanzania peke yake, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na ni kamera ya kutegesha iliyompiga huko Udzungwa. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, katika milima hiyohiyo, zilinasa sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikumfahamu. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na alipewa jina rasmi mwaka 2008. Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo zito zaidi ni lile lisilopata sifa magazetini. Hesabu zilizorudiwa kwa miaka zilionyesha kwamba katika Mwanihana, iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1992, nyani na jamaa zake walibaki karibu kiwango kilekile, wakati katika msitu wa Uzungwa Scarp wa milima hiyohiyo, ambao ulinzi wake ulikuwa dhaifu, mbega walipungua vibaya mno kwa sababu ya uwindaji. Bila daftari za miaka hiyo, ubishi ungeendelea hadi mbega wa mwisho.

Kuhusu kamera, sitakuficha ukweli. Kamera hizo huhisi joto linalosogea, na hazibagui. Mtu akipita mbele yake atapigwa picha. Zimetegwa kwa ajili ya wanyama, lakini hofu ya majirani zako si ya kupuuzwa, hasa mahali ambapo akina mama waliruhusiwa kuokota kuni ndani ya hifadhi kwa siku maalumu mpaka ruhusa hiyo ilipositishwa mwaka 2011. Naamini kwa dhati kwamba ni wajibu wa watafiti kuja kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kutega, waeleze kamera zinawekwa kwa kusudi gani na picha za watu zitafanywa nini, kisha warudi na matokeo msimu unapokwisha. Serikali ya kijiji chenu ina kila sababu ya kudai hayo.

Kuhusu kijana wako, ingawa hukuuliza, ahakikishe ana mkataba wa maandishi hata kama kazi ni ya miezi mitatu, unaotaja malipo, matibabu akiumia na vifaa atakavyopewa, kuanzia viatu. Aombe pia barua ya utambulisho kila msimu unapomalizika. Iwapo ana vyeti vya kidato cha nne au cha sita, aulizie sifa za kujiunga na Chuo cha Mweka kilichopo mkoani Kilimanjaro, Pasiansi cha Mwanza au Chuo cha Misitu Olmotonyi cha Arusha, na aambatanishe barua hizo kwenye maombi yake.