Andika na sifuri

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Unauliza kama uende Maldives wiki mbili kwenye msafara wa kuchunguza matumbawe, nauli na mchango vyote juu yako, au ni utalii uliopewa jina zuri.

Miaka kumi na tisa nimepima mvua kila asubuhi, unajua. Kuna kiangazi nilichoandika sifuri siku arobaini mfululizo. Mpimaji mwenzangu aliona hapana haja, akaacha nafasi wazi. Daftari lake halikufaa kitu: nani angejua kama mvua haikunyesha, au yeye hakwenda kutazama?

Kazi unayoisema ni ya namna hiyo hiyo. Utaratibu wa Reef Check, ulioanza 1996 ili wazamiaji wa kujitolea wawasaidie wanasayansi, ni huu: mnatandaza utepe wa mita 100 juu ya mwamba, mnahesabu samaki katika vipande vinne vya mita 20, upana mita 5. Chewa haandikwi mpaka azidi sentimita 30, pono, 20. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa majini kila kitu huonekana kikubwa kwa kama theluthi moja. Chewa wa sentimita 24 utamwona ana 32, na utaapa. Kwa hiyo lazima kwanza mfunzwe, mkisie urefu wa vijiti chini ya maji na kusahihishwa, mpaka jicho lizoee. Wakikukabidhi kibao na penseli siku ya kwanza, usiende.

Matumbawe ya Maldives yalipauka vibaya 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto kupita kiasi. Kujua kama yanapona kunataka mtu arudi mwamba uleule, ahesabu vilevile, mwaka baada ya mwaka. Wanasayansi peke yao hawawezi kufika kote. Kwa hiyo kazi ni ya kweli, mwanangu, na mimi ningependa uifanye.

Ila kabla hujalipa, waulize: takwimu zinahifadhiwa wapi, na nani anazisoma? Mchango wako unalipia nini? Kuna wenyeji wanaofunzwa kwenye msafara huo huo, ili kazi iendelee nyinyi mkiondoka? Wakikutumia picha za papa nyangumi badala ya majibu, hao wanauza safari.

Na usipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu kuzamia mara ya mwisho. Hili nakuomba kama mama.

Mkimaliza mita 20 bila kuona chewa hata mmoja, utatamani kuiacha tupu nafasi yake kwenye karatasi. Andika sifuri. Kisha ukirudi niletee nakala ya karatasi zako, nataka kuziona.

Mama yako