Kabla hujanunua mashine ya kopi

Kijana akimaliza chuo na kupata mtaji kidogo, wazo la steshenari haliko mbali. Anatafuta fremu karibu na chuo au halmashauri, anaulizia bei ya mashine ya kopi, kisha anakuja kwa watu kama mimi kuuliza kama bado inalipa. Inalipa. Ila kazi anayoiwaza yeye, kupiga chapa na kutoa kopi, inapungua kila mwaka, na mimi leo nisingeweka mtaji wote humo.

Steshenari yangu iko Morogoro, upande wa chuo kikuu cha kilimo, SUA. Kazi nilijifunzia kwenye taipureta, enzi ambazo ukikosea mstari wa mwisho unaanza ukurasa upya. Mteja alilipia vidole. Kompyuta ilipoingia bado alilipia vidole, tulichobadilisha ni mashine tu. Simu ndiyo iliyovuruga hesabu. Siku hizi mwanafunzi anaandika kazi yake mwenyewe, anairusha WhatsApp, anakuja kuchukua karatasi. Asiyependa kuandika anaongea, kwa kuwa tangu 2017 kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kutamka. Na tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, barua ya kuomba kazi inanifikia ikiwa imeshaandikwa, tena kwa lugha ya kupendeza.

Kilichobaki, na kinachozidi kukua, ni fomu. Mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaombwa mtandaoni, kazi za serikali zinapitia Ajira Portal, jina la biashara linasajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara, malipo ya serikali yanataka kontrol namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Zamani karani dirishani angeweza kukutazama, akaelewa, akakupitisha. Mfumo haukutazami usoni. Herufi moja ikizidi, umekwama, na hakuna wa kumbembeleza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: jifunze kusoma vyeti vya watu. Mteja akikaa, usishike kibodi. Mwambie atandaze mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kisha linganisha majina herufi kwa herufi. Utakuta Magreth huku na Margareth kule. Utakuta Mohamed, Mohammed na Muhamed, wote mtu mmoja, wote halali mtaani, na mfumo unawaona watu watatu. Mwingine jina la babu limeruka. Ukiligundua hilo kabla dirisha la maombi halijafungwa, unamwelekeza kwa wakili akaandae kiapo cha majina, na anawahi. Likigundulika baadaye, ni mwaka mzima wa kusubiri. Hapo ndipo mteja anapokukumbuka na kukuletea wadogo zake, wala si kwenye wino mzuri wa printa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mtu akikusomea namba kutoka kwenye daftari, tayari una njia ya kumhakiki: zile nane zikipishana na cheti chake cha kuzaliwa, kuna mahali pamekosewa. Mambo mengine ni ya kukariri tu. Waombaji wa mkopo wanatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala anayesajili vizazi na vifo, au, kwa Zanzibar, na wenzao wa huko, na uhakiki hauji siku hiyohiyo, kwa hiyo waambie mapema. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wenye Ajira Portal, hukataa karatasi za matokeo, yanataka cheti chenyewe. Soma tangazo lote, hata ukurasa wa mwisho ambao hakuna anayeufikia.

Sasa nywila. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna mtindo mbaya mtaani: mteja hana barua pepe, mhudumu anamfungulia kwa namba ya simu ya dukani, nywila anaihifadhi mwenyewe. Wengine wanafanya makusudi ili mteja asihame. Miezi inapita, mwombaji anaitwa kwenye usaili kupitia barua pepe asiyoweza kuifungua, na duka limeshahama. Tumia laini ya mteja mwenyewe, acha yeye achague nywila, aiandike kwenye daftari lake kwa mkono wake, wewe ukitazama pembeni. Akiondoka, toka kwenye akaunti yake na ufute vyeti vyake kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na steshenari inashika taarifa za watu kuliko maduka mengi ya mtaani.

Kuhusu akili mnemba, itumie. Mimi naitumia kusafisha barua na kufupisha wasifu. Lakini ilichoandika msomee mteja kwa sauti kabla hajasaini, kwa sababu inapenda kumpamba mtu. Kijana aliyetoka chuo juzi inampa uzoefu wa miaka mitano na uongozi wa timu ambayo haipo, na yeye ndiye atakayekaa mbele ya jopo kuulizwa. Na usiibandikie namba ya NIDA ya mtu wala picha ya cheti chake. Haihitaji hivyo ili kukunyooshea sentensi.

Vifaa? Skana nzuri kwanza, kopi baadaye, hata ya mtumba. Cheti kilichopigwa picha kwa simu huwa faili zito, na mifumo mingi ina kikomo, hivyo jua kupunguza ukubwa bila kuua mhuri. Weka bando la mtandao wa pili pembeni, maana siku ya mwisho ya maombi mtandao mmoja hautoshi.

Bei ndiyo inayowashinda wengi. Ukitoza kwa ukurasa utafilisika, kwa sababu fomu inayokula saa nzima inatoa karatasi tatu tu. Toza kwa kazi: ombi la mkopo bei yake, akaunti ya ajira bei yake, kulinganisha majina bure kwa atakayejaza fomu yake kwako. Ziandike, uzibandike ukutani mahali mteja atazisoma kabla hajaketi.