Mkondo ukitoka hasi, usiifute hiyo alama

Simama hapo hapo, mdogo wangu. Usiguse kipengele cha pili kabla hujasoma hapa.

Umesema una betri mbili, ya volti 12 na ya volti 6, kila moja ina ukinzani wa ndani wa omu 1, zimeungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zikilisha rezista ya omu 4. Ukapata ampea 4 kwa betri kubwa na ampea hasi 2 kwa ile ndogo. Hasi ikakutisha, ukaifuta, ukajumlisha 4 na 2, ukaandika kwamba rezista inapitisha ampea 6. Sasa unauliza kama uko sahihi.

Hauko sahihi. Zidisha 6 kwa 4: volti 24. Betri zako ni ya 12 na ya 6, tena ziko sambamba. Hizo volti 24 zimetoka wapi?

Nimeshtuka kusoma swali lako kwa sababu kosa hilo hilo nililifanya mimi kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, na lilinigharimu swali zima. Langu lilikuwa na betri ya volti 10 na ya volti 5, ukinzani wa ndani omu 1 kila moja, rezista omu 2. Nilipiga hesabu vizuri kabisa: ampea 4 na ampea hasi 1. Nikaifuta hasi. 4 na 1 ni 5, nikaandika ampea 5. Nikazidisha kwa omu 2 nikapata volti 10, na kilichonimaliza ni kwamba niliona 10 nikafurahi, nikidhani imelingana na betri. Kumbe betri yenyewe inapotoa ampea 4 inapoteza volti 4 ndani yake, nje zinabaki 6. Mkondo wa kweli kwenye rezista ulikuwa ampea 3.

Kuanzia hapo kila kipengele kilijengwa juu ya ile 5. Nguvu niliandika wati 50, ilikuwa wati 18. Nishati ya dakika 5 niliandika jouli 15,000, ilikuwa jouli 5,400. Kipengele cha mwisho kiliuliza betri ndogo inafanya kazi gani kwenye saketi, nikajibu "inaisaidia betri kubwa". Haikuwa inasaidia chochote. Ilikuwa inachajiwa. Alama niliyoifuta ndiyo ilikuwa jibu la kipengele hicho, nimeliandika kwa mkono wangu na nimelifuta kwa mkono wangu.

Na sikujitungia. Mwalimu mmoja wa tuisheni, wiki mbili kabla ya mtihani, alitusimamia mbele akatuambia: "Mkondo hauwi hasi. Ukiona hasi, umekosea mwelekeo, futa uendelee." Tulikuwa darasa zima, tukaandika kwenye madaftari na kupigia mstari. Bado nina hasira naye. Nusu ya maneno yake ni kweli, mwelekeo ni kinyume, ndiyo maana yaliingia kirahisi. Hakutuambia kwamba ukigeuza mshale, ule unaouchora kuonyesha mkondo unaelekea wapi, lazima ugeuze kila ulipoutumia: kwenye njia panda ya mikondo, pale waya zinapokutana, na kwenye kila kitanzi ulichokizunguka, yaani njia inayoanza sehemu moja ya saketi na kurudi pale pale. Kufuta alama kwenye jibu na kuacha milinganyo ilivyokuwa ni kuandika saketi nyingine ambayo haipo.

Kwa hiyo shika hili: chora mishale kwa kalamu ya wino kabla ya mlinganyo wa kwanza, na ukishaichora usiiguse tena mpaka mwisho. Sio penseli. Penseli inakualika kufuta.

Mshale ni kubahatisha tu, na inaruhusiwa kubahatisha vibaya. Hata ule mwelekeo tunaofundishwa sote, kutoka chanya kwenda hasi, watu waliukubali muda mrefu kabla elektroni haijagunduliwa mwaka 1897, na elektroni kwenye waya zikaja kuonekana zinakwenda upande wa pili. Hesabu haikuharibika, kwa sababu kila mtu alishikilia mshale ule ule.

Sasa rudi kwenye saketi yako. Ita mikondo A kwa betri kubwa, B kwa ndogo, C kwa rezista. Mishale ya A na B itoke kwenye chanya za betri, ikutane njia panda, iondoke kama C. Sheria ya kwanza ya Kirchhoff, inayoingia ni sawa na inayotoka: A + B = C. Kisha zunguka vitanzi. Ukipita rezista kwa kufuata mshale, toa volti. Ukipita kinyume cha mshale, ongeza. Kitanzi cha betri kubwa, ambapo ukinzani wa ndani ni omu 1 hivyo volti zake ni A tu: 12 − A − 4C = 0. Cha ndogo: 6 − B − 4C = 0. Jumlisha miwili hiyo: 18 − C − 8C = 0. C ni ampea 2, A ni 4, B ni hasi 2. Iache ilivyo. Jumlisha nayo hivyo hivyo: 4 + (−2) = 2. Umeona inavyokaa?

Ukifika mwisho kabisa ndipo unaandika sentensi: "Mkondo wa ampea 2 unaingia kwenye chanya ya betri ya volti 6, betri hiyo inachajiwa." Hapo ndipo pa kueleza mwelekeo, kwa maneno, sio kwa ufutio.

Ukitaka uhakika, angalia nguvu. Betri kubwa inazalisha 12 × 4, wati 48. Ndani yake zinapotea 16, ndani ya ndogo 4, rezista inachukua 16, na 12 zinaingia kuchaji betri ndogo. Zijumlishe, ni 48 kamili. Kwa ampea zako 6, rezista peke yake ingekula wati 144, mara tatu ya kile betri kubwa inachozalisha.

Fungua daftari sasa hivi, tafuta pale ulipofuta, irudishe ile alama kwa wino. Kisha piga volti za nje za betri kubwa, za betri ndogo na za rezista, zote tatu zinashika ncha zile zile mbili. Niandikie hapa umepata ngapi. Kama hazitoki 8 zote, tuma mchoro wako na mishale yake.