Shangazi, Nimetubu kwa Mungu, Lakini Rafiki Yangu Bado Anaitwa Mwizi

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mume na watoto watatu. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya yetu. Fedha za sare, shilingi 640,000, nilimkopesha kaka yangu akanunue zabibu Hombolo, anirudishie ndani ya wiki moja. Mnunuzi aliyemtegemea hakutokea, zabibu zikaoza. Kamati ilipouliza fedha zilikuwa kwa nani, nikajibu: 'Tulikuwa nazo sote wawili,' yaani mimi na rafiki yangu niliyezoea kwenda naye kwa wakala. Haikuwa kweli. Watu wakamshuku yeye, maana ndio kwanza alikuwa ameezeka nyumba yake bati. Ameacha kwaya, ameacha hata kanisa letu. Mimi bado naimba. Nimefunga, nimelia kwenye mikesha, na mama mmoja wa maombi ameniambia dhambi ikishatupwa vilindini mwa bahari isivuliwe tena. Petro naye alimkana Bwana mara tatu akasamehewa. Mbona mimi sipati amani?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye "sote wawili". Ya zabibu naielewa. Kaka kaja na shida, umemwonea huruma, na zabibu ikishakatwa haina subira. Ulikosa, tena kosa zito, maana fedha haikuwa yako. Lakini siku ile mbele ya kamati bado ulikuwa na nafasi ya kusema, "Nimeiharibu mimi." Badala yake ukachukua jina la mwenzako ukajifunikia nalo. Shilingi 640,000 zinahesabika. Ukitoa 40,000 kila mwezi, miezi 16 umemaliza, na kaka yako naye achangie. Jina la mtu hulipi kwa mwezi.

Yule mama wa maombi hakukudanganya. Nabii Mika ndiye aliyesema kwamba Mungu hutupa dhambi zetu katika vilindi vya bahari, nami naliamini neno hilo kwa moyo wote. Ila jina la rafiki yako nalo limezama, na hilo hakulitupa Mungu. Umelitupa wewe, na wewe ndiye unayejua lilipo.

Nina wasiwasi, mwanangu, kwamba umemkimbilia Mungu ili usimwendee yeye. Nakuambia kwa upendo. Ni rahisi kulia usiku kucha kanisani kuliko kupiga hodi kwenye mlango ambao wewe mwenyewe ndiye uliyefanya ufungwe. Na Bwana Yesu aliliona hilo mapema. Katika Mathayo 5 anasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, enda kwanza ukapatane naye. Hakusema ongeza sadaka. Kwa hiyo Jumapili hii usisimame na kwaya. Mwambie mwalimu wa kwaya una jambo la kumaliza kwanza.

Umemtaja Petro. Basi tumfuate mpaka mwisho. Yohana anaandika kwamba usiku ule wa kukana, Petro alikuwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo, kando ya bahari ya Tiberia, anaukuta tena moto wa makaa, na samaki juu yake, na Bwana anawaita waje kula. Walikuwa wanafunzi saba. Walipokwisha kula ndipo Petro anaulizwa, "Wanipenda?" Mara moja, mara ya pili, na ya tatu ikamhuzunisha. Naamini Bwana alimpenda mno kiasi cha kutomponya gizani. Kando ya moto alianguka, kando ya moto akainuliwa, na wenzake wapo.

Ngoja nikusimulie la kwetu Mpwapwa. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu alimsingizia mama yangu kwamba amekula rambirambi za msiba. Mama alikaa na aibu ile karibu miaka sita. Siku moja jirani akaja, akamkuta mama anatwanga uwele. Mama hakuuacha mchi. Yule mwanamke akaungama yote huku kinu kinalia, nami nimeshika ungo sijui niangalie wapi. Alipomaliza, mama akamwambia, "Nimesikia. Sasa nenda kawaambie wale uliowaambia." Akaendelea kutwanga. Nilimwona mama mkatili siku ile. Jumapili iliyofuata jirani akasimama kanisani baada ya matangazo, akasema. Hata hapo hawakukumbatiana. Msimu uliofuata tulipovuna karanga, mama akanituma nipeleke ungo mmoja kwa jirani, na ungo ule ukarudi na mayai.

Sasa wewe. Anza na mume wako, usiku, watoto wamelala. Asije akayasikia kwenye kamati. Kisha nenda kwa rafiki yako peke yako. Usimbebe mchungaji wala wazee wa kanisa; ukienda na watu wazima wanne unamlazimisha akusamehe kwa heshima yao. Usiseme "shetani alinipitia". Alipita, sawa, lakini mdomo ulikuwa wako. Sema ulichofanya kama ulivyoniandikia mimi, na neno lenyewe ulilotamka ulitamke tena mbele yake. Ukilia, lia kidogo. Usimfanye yeye ndiye wa kukubembeleza. Wala usimwambie "naomba uniambie umenisamehe" kabla hujaondoka. Msamaha wake ni wake. Anaweza kukufukuza. Anaweza kunyamaza. Ninamwombea apate moyo wa kukusamehe, maana Bwana ametuagiza hivyo sote, lakini agizo hilo usimkumbushe wewe.

Halafu iombe kamati ile ile ikae, watu wale wale waliosikia "sote wawili". Waambie fedha ulikuwa nazo peke yako, ulizitoa wewe, yeye hakugusa hata senti. Iandikwe kwenye muhtasari kama vile tuhuma zilivyoandikwa. Toa na rejesho la kwanza siku hiyo hiyo, hata kama ni 20,000. Uweka hazina usiuombe tena, na ukisikia minong'ono sokoni usianze kujitetea. Itakuuma. Baadhi watakaa mbali na wewe kwa muda mrefu, na wengine watayakumbuka hata siku ya harusi ya mwanao. Mungu hatakuwa miongoni mwao.

Hujaniambia rafiki yako anaishi mtaa gani, wala sihitaji kujua. Wewe unapajua, ulishakwenda mara nyingi. Nenda jioni, saa kumi na mbili hivi, ameshatoka kazini na jiko halijawaka. Barua yako ina wiki mbili mezani kwangu, na Jumapili ni keshokutwa. Nenda kesho.