Peleka siku zako kabla ratiba haijapangwa

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Ujerumani kusomea uuguzi, kila mara mnaniuliza: huko dini nitaishikaje? Wengi wenu ni Waislamu kama mimi. Ajabu ni kwamba mengi ninayowajibu sikuyapata msikitini. Niliyaona kwa binti wa Kivietnam, Mbudha, tuliyekaa naye nyumba moja wakati wa mafunzo.

Nianze na ratiba ya zamu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye nyumba ya wazee zamu hupangwa wiki kadhaa kabla, na anayepanga anazijua Krismasi na Pasaka, basi. Sikukuu za Wabudha wa Vietnam zinafuata mwezi, na kalenda ya ukutani huku haina habari nazo. Mwenzangu alichukua karatasi, akaandika sikukuu tatu tu za mwaka ule: Tết, yaani mwaka mpya wao, kuzaliwa kwa Buddha, tarehe 15 ya mwezi wa nne, na Vu Lan, siku ya kuwakumbuka wazazi, tarehe 15 ya mwezi wa saba. Chini yake akaandika siku ambazo yuko tayari kuwafanyia wengine zamu: Krismasi yote na mkesha wa Januari mosi. Mkuu wa zamu alifurahi kuliko yeye. Nami nikaiga kwa Idi, ila sisi tuombe siku mbili, mwandamo mnaujua wenyewe.

Msinakili tarehe za mwaka jana. Kalenda yao huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili isiachane na majira, ndiyo maana Vu Lan ya 2024 ilikuwa 18 Agosti na ya 2025 ikawa 6 Septemba. Yetu haiongezwi kitu, inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka.

Kuna na siku ndogo, tarehe 1 na 15 ya kila mwezi wao, ambapo wengi hawali nyama wala samaki. Hizo hakuziombea ruhusa hata mara moja. Alizitimiza kwenye sahani, zamu au hakuna zamu. Kazi ilikuwa kuuliza: supu ya mboga imechemshwa na mifupa? Pipi zina jelatini? Ukisema "sili nyama" kuna atakayekuletea samaki kwa moyo mweupe kabisa. Hata sosi ya samaki, ambayo Mvietnam anaitia karibu kila kitu, siku hizo ilibaki kabatini na nafasi yake ikachukuliwa na ya soya.

Mimi hufunga masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Mwezi wao huanza kukiwa giza totoro, wetu unasubiri uonekane siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo 15 yake ilikuwa ikiangukia karibu kabisa na saumu zangu. Basi jioni tukapika pamoja. Maharage yangu ya nazi yaliingia kwenye mlo wake bila swali. Tafuteni mtu wa namna hiyo, hata kama si wa dini yenu. Anayekula kwa masharti anamwelewa mwenzake haraka.

Chumbani alikuwa na rafu juu ya usawa wa kichwa, mbali na upande wa choo: picha ya Quan Âm, bodhisattva (mtukufu wa Kibudha) wa huruma, glasi ya maji, matunda. Tatizo lilikuwa vijiti vya udi. Ving'ora vya moshi vya huku havina dini. Kuna watu huvifunika na mfuko wa plastiki. Msithubutu, nyumba ikiungua hakuna atakayewasikiliza. Yeye aliweka taa ndogo ya betri rafuni, udi akawashia nje kwenye roshani. Chetezo changu kutoka Tanga kikamfuata hukohuko.

Sasa pagoda, yaani hekalu lao. Kubwa iliyo karibu nasi ilikuwa Viên Giác, Hannover, iliyoanzishwa 1978 na mtawa Thích Như Điển, aliyefika Ujerumani mwaka mmoja kabla. Wazee wengi pale walikimbia nchi yao baada ya 1975, serikali ya kikomunisti ya kaskazini ilipoishinda kusini. Wapo waliookolewa baharini na meli ya Cap Anamur, ambayo kuanzia 1979 iliokoa zaidi ya watu 10,000. Binti huyu alizaliwa kaskazini, chini ya serikali ileile waliyoikimbia. Lugha moja, sala moja, lakini lafudhi yake tu iliwafanya baadhi wanyamaze. Hili hamtaambiwa na mtu: mnaweza kujiona wageni zaidi kati ya watu wenu kuliko kati ya Wajerumani. Alichofanya ni kwenda jikoni. Alikata kabichi, akaosha masufuria, akala nao. Mwenye kisu na kabichi mkononi haulizwi sana habari za siasa.

Siku ya Vu Lan nilimsindikiza. Aliye na mama hai hubandikwa waridi jekundu kifuani, aliyefiwa na mama jeupe. Nami nikabandikwa jekundu. Najua kuna atakayeuliza hukumu yake. Mama yangu alipoiona picha aliuliza bei ya waridi.

Jambo la mwisho lifanyeni kabla ya kupanda ndege. Kwao kila marehemu wa ukoo ana siku yake ya kukumbukwa, na tarehe hizo zilikuwa kichwani mwa mama yake peke yake. Ilibidi azikusanye kwa simu, usiku, kwa saa zinazopishana. Sisi tuna hitma za babu na bibi, na siku za nadhiri za nyumbani. Kaeni na mama sebuleni mziandike zote, kwa mwezi wa Kiislamu kama anavyozihesabu yeye, na jina la marehemu pembeni.